Mbusa Wawili

Kwa watu wa chini ya Rwenzori jina la mtoto halitafutwi, linahesabiwa tu. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Bwambale, na hesabu inateremka hivyo hivyo mpaka wa tano awe Thembo na wa sita awe Mbusa. Mpaka wa Uganda na Kongo ulipochorwa uligawa mlima na mashamba, lakini hesabu hiyo haukuigusa. Hadi leo ukisimama katika soko la Mpondwe siku ya Ijumaa ukaita "Mbusa!", watageuka wanaume wa ng'ambo zote mbili za mto wa mpaka. Bulandina alilijua hilo tangu hajaota meno, na ndiyo maana hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Alikuwa mwanamke wa Bwera, mji wa pale pale mpakani upande wa Uganda, mjane, muuza unga wa muhogo, mwenye sauti iliyozoea kupanda juu ya kelele za soko. Marehemu mumewe, Yonasani, alikuwa mwashi huko Hima. Kila alipopata likizo alirudi akaongeza chumba kimoja uani, mpaka ikawa safu ya vyumba sita chini ya paa moja la mabati, choo nyuma na uwanja mbele. Bulandina mwenyewe alikaa katika kile cha mwisho, na vingine alivipangisha. Chumba cha namna hiyo Uganda nzima wanakiita muzigo, na neno hilo liliwahi kuwachekesha watu pale mlangoni. Siku Marie-Louise alipofika akikimbia vita vya upande wa Beni, huko Kongo, mtoto mgongoni na godoro kichwani, aliuliza kama kuna nafasi. Bulandina akamjibu kwa majivuno kidogo, "Niko na mizigo sita."

"Hapana, mama," akasema Marie-Louise. "Mizigo iko kwetu. Siye tunatafuta pa kuiweka."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Chumba kikatolewa siku hiyo hiyo, na malipo yakangoja. Mume wa Marie-Louise, aliyekuwa nyuma akiburuta sanduku la randa na misumeno, alikuwa seremala wa Butembo, mtu wa maneno machache. Jina lake Mbusa.

Basi huyo Mbusa ndiye aliyekuja kuwa mikono ya Bulandina. Bati likivuja alipanda mwenyewe. Mpangaji mpya akija alimwonyesha maji yanachotwa wapi na taka zinatupwa wapi, na kodi za wenzake alizikusanya akazileta bila kuombwa. Mwaka ule malaria ilipomwangusha Bulandina, Marie-Louise alimwogesha kama mtoto, akamlisha uji kwa kijiko, na alipopona ikawa desturi yake kila jioni kwenda kukaa kwenye mkeka wao na kunywa chai ya tangawizi. Alikula pale na kusengenya pale, na usingizi mara nyingine ulimpitia pale pale. Wapangaji wote walikuwa Wakongo, na vyumba havikulala vitupu. Mmoja akihama, mwingine alikuwa amekwisha kuuliza.

Shida ilitoka Kasese, tena ilitoka na silabi moja tu.

Immy, binti yake wa pekee, alikuwa muuguzi Kasese mjini na mume wake, Bright, alikuwa mwalimu. Kila mara Bulandina alipokwenda kuwatembelea alipelekwa kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufumwa. Siku moja mama mmoja akamuuliza kwa upole, "Mama Immy, tunasikia uko na nyumba ya kupangisha. Iko wapi?"

"Bwera," akajibu.

"Aa," akasema yule mama. "Kwa Wakongo."

Sokoni Bulandina angemrudishia neno moja zito na soko lote likacheka. Lakini pale, na sahani ya keki magotini, alitabasamu kama mtu aliyepewa pole. Ile "aa" aliondoka nayo. Ilimfuata mpaka Bwera, ikamfanya ayaone mambo ambayo hakuwahi kuyaona: nguo za watoto kwenye kamba, masufuria meusi mbele ya milango, moshi wa samaki wakavu. Aliona aibu, na aibu ikishaingia kwenye jicho, hata kitu kizuri hukiona kina doa.

Immy alikuwa na shauri tayari. Kule Nyakasanga, mtaa wa katikati wa Kasese, si wa matajiri wala si wa maskini, palikuwa na nyumba inauzwa. Ilikuwa na ukuta na geti, maji ndani, na vigae sebuleni.

"Mama, utazeeka ukikimbizana na watu kwa ajili ya vijisenti?" alisema. "Nyumba moja, mpangaji mmoja. Mutu wa ofisi. Mwezi ukiisha analipia benki, wewe hata sura yake huioni."

Tusimwonee Immy, maneno yake yalikuwa na uzito. Ardhi ya Kasese hupanda thamani mwaka hata mwaka, na chumba cha Bwera kodi yake imesimama palepale. Vyumba vya bei ya chini vina watu wengi, na watu wengi huvunja vitasa na kujaza choo upesi. Lakini nyumba ya bei ya kati nayo hutegemea mtu mmoja: mpangaji akihamishwa kazi, imekosa yote kwa siku moja, na mlinzi anataka mshahara wake vilevile. Bulandina aliyajua yote hayo. Alikuwa mfanyabiashara, na angeweza kuyapima kama anavyopima unga. Hakuyapima. Alitaka kuulizwa tena nyumba yake iko wapi, ajibu "Nyakasanga," na yule mama akose la kusema.

Ili kuinunua ilibidi auze vyumba vyote sita pamoja na shamba la kahawa la Karambi. Hakuwa na kingine duniani. Akikosea, uzee wake ungekuwa wa kuomba chumvi kwa mkwe. Na wapangaji wake je? Hakuwaambia kitu. Alijisemea kwamba mnunuzi ndiye atakayejua la kufanya nao, na jioni alikwenda kunywa chai yao kama kawaida, ila sasa alikuwa wa kwanza kuaga.

Dalali aliyetafutwa na Immy alikuwa kijana wa Kasese mwenye viatu vya ncha kali na funguo nyingi kiunoni. Naye, mtoto wa sita kwa mama yake, aliitwa Mbusa.

Dalali huyo alimpatia mnunuzi wa vile vyumba: mzee mmoja aitwaye Aloysius, mfanyabiashara wa samaki wa Katunguru. Kisha akamwachia Bulandina swali. Muzee anataka kujua, wanaokaa mle ndani ni watu gani? Bulandina akaahidi kumpigia dalali simu Jumapili akiwa kwa Immy.

Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe. Kwa Kikonzo, lugha wanayoelewana watu wa pande zote mbili za mpaka, huwezi kumpigia mtu simu ukaanza na shauri lako. Utamsalimia kwanza, utauliza ameamkaje, watoto wameamkaje, nyumbani kukoje, na yeye atajibu moja moja, na mpaka mfike kwenye shauri utakuwa umemjua hata kama ana mafua. Lakini Bulandina aliona Kikonzo ni lugha ya mkeka, na Kiswahili ndicho kina sauti ya biashara. Tena mle sebuleni kwa Immy walikuwamo wageni wawili wa kile kikundi cha akina mama. Basi alikaa wima, miwani ameiacha Bwera, akabonyeza jina aliloliona linaanza na Mbusa, na alipohisi imepokelewa hakusubiri hata allo.

"Mbusa, sikiliza. Wale watu ya Bwera usikuwe na wasiwasi nao. Ni Wakongo tu. Watu wachafu wale, wanapika samaki yao mpaka nguo yangu inanuka. Mimi sikai nao hata kidogo. Hata chai yao sijawahi kuonja, nitaonja vipi? Mwambie muzee, Jumamosi akikuja kuangalia nyumba nitakuwa nimewatoa wote. Hatakuta hata mumoja."

Wageni walitikisa vichwa kwa kukubali. Bulandina alijisikia mrefu. Kwenye simu ikasikika sauti ya nyundo ikiwekwa chini juu ya ubao.

"Mama," sauti ikasema polepole, "huyu ni Mbusa ya huku Bwera."

Bulandina akaibana simu sikioni, wageni wasisikie.

"Nilizani unapiga juu ya choo. Ile mulango nimeshaitengeneza, inafunga. Basi, mama. Bakia muzuri."

Simu ikakatika. Immy alimwona mama yake amebadilika rangi, akauliza kuna nini. Bulandina akasema ni joto. Akaomba maji.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Kichwa cha Bulandina kiliponzwa vizuri. Usiku na mchana alijirudia maneno yake mwenyewe, na lililomchoma zaidi halikuwa lile la uchafu. Lilikuwa la chai. Maneno mengine angeweza kuyaita hasira, au kelele za sokoni. Lakini kusema hajawahi kuonja chai ya mwanamke aliyemwogesha! Alipolikumbuka hilo alijifunika kitenge usoni, hata alipokuwa peke yake. Alitamani Mbusa angemtukana. Alitamani angepiga kelele, "Kumbe wewe mwanamke ndivyo ulivyo!" Mtu akikutukana mmelipana kidogo. Mbusa alimpa habari za mlango wa choo.

Hakurudi Bwera wiki ile. Alimwambia Immy mgongo unamuuma. Mara kadhaa alishika simu, akalitafuta jina, safari hii kwa miwani ya Bright, na kila mara alipolipata aliiweka simu chini. Immy alipombana akaambiwa ukweli alicheka tu.

"Mama, hao ni wapangaji. Watasahau. Na ukishauza, utawaona wapi tena?"

Bulandina hakucheka. Ila pia hakusema "siuzi". Tuseme ukweli: sehemu moja ya moyo wake iliona kuuza ndiyo njia rahisi ya kutowatazama tena wale watu machoni. Aibu humfundisha mtu kukimbia, na Nyakasanga palikuwa mbali vya kutosha.

Jumamosi ya kuonyesha vyumba ilifika. Aloysius alikuja na gari lake la kubebea samaki, akamkaribisha Bulandina mbele, na dalali akapanda nyuma na viatu vyake vya ncha. Walishuka mpaka Kikorongo, wakakata kona ya kwenda mpakani. Aloysius alikuwa mzee mnene, mchangamfu, asiyejua kunyamaza, na njia nzima alimweleza Bulandina biashara ya nyumba kana kwamba yeye ndiye muuzaji.

"Mama, mimi nyumba kubwa niliacha," alisema. "Nilikuwa na moja Kasese, nzuri, ya watu wa benki. Mutu akahamishwa. Ikakaa tupu, ikakaa, ikakaa. Nyumba ikikosa mutu, mwenyewe unakula kuta. Sasa nataka mizigo ya mpakani. Kidogo kidogo, lakini kila mwezi inaingia. Mwanangu anaoa, harusi inangoja hii biashara ikae sawa. Wewe unatoka kule mimi nakimbilia, eh?"

Bulandina aliitikia "eh" bila kusikia. Alikuwa anapanga maneno. Atashuka kwanza, atawatuma wanaume wakaangalie choo, atamvuta Marie-Louise pembeni amwambie... amwambie nini? Kila sentensi aliyoianza ilifika kwenye chai ikafa.

Walipofika, alijua kuna kitu kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Palikuwa kimya. Uwanja ule, ambao siku zote ulikuwa na watoto wakigombania tairi, ulikuwa umefagiwa na mistari ya ufagio ilionekana bado mibichi. Kamba ya nguo ilikuwa imefunguliwa. Mafiga yalikuwa yameondolewa na majivu yake yamezolewa. Milango mitano ilikuwa wazi, na ndani ya kila chumba hapakuwa na kitu. Sakafu zilikuwa zimesuguliwa na bado zina unyevu. Hapakuwa na harufu ya samaki. Palinuka sabuni tu.

Jumamosi akikuja nitakuwa nimewatoa wote. Hatakuta hata mumoja. Alikuwa amesema hivyo, na wao walikuwa wamemsaidia.

Aloysius aliingia chumba cha kwanza, akatoka. Akaingia cha pili, akatoka. Akavua kofia.

"Mbusa," alimwambia dalali, "uliniambia hii nyumba iko na watu."

"Iko nao, muzee! Mama, wako wapi?"

"Mimi sinunui tofali," akasema Aloysius. "Kuta ninazo Katunguru. Nanunua watu wenye wanalipa. Nyumba ya Bwera ikikosa Mukongo, ujue iko na shida: ao choo, ao mashetani. Kama iko tupu namna hii, bei ile tulisema tunaivunja katikati."

Bulandina alishika mwimo wa mlango. Wale aliowaficha kwa aibu ndio waliokuwa bei ya nyumba. Mzee wa watu alikuja kutoka Katunguru kuwatafuta wale wale. Kama kungekuwa na shimo pale uani angeingia mwenyewe.

Dalali, ambaye riziki yake ilikuwa inateleza mbele ya macho yake, alitoka barabarani kuuliza majirani. Alirudi akikimbia. "Wako pale! Ng'ambo!"

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka lililofungwa siku nyingi, lenye baraza refu. Wote walikuwa pale. Walikaa wamebanana juu ya magodoro yaliyokunjwa, masufuria yamefunikwa kwa mashuka, watoto wamewekwa katikati na kukatazwa kelele. Wanawake walivaa vitenge vyao vya kanisani, nadhani ili mpita njia asifikiri wamefukuzwa. Hawakuwa wamehama. Walijificha tu, mpaka mgeni wa mama aondoke.

Bulandina alivuka barabara. Lori la mbao lilimpigia honi na hakugeuka. Alipofika mbele ya baraza akakosa pa kuuweka uso. Marie-Louise alisimama kwa adabu, mtoto kiunoni.

"Amekwisha kwenda, ule mugeni?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado," akasema Bulandina. "Anataka... anataka kuwaona."

Marie-Louise alifikiri kidogo. Hakukuwa na kejeli usoni mwake, alikuwa mtu anayeuliza apate kujua waje vipi.

"Tukuye na byombo," aliuliza, "ao batu tu?"

Nyuma ya Bulandina, Aloysius alikuwa amekwisha kuvuka na anafurahi. "Ndio hawa? Eeh! Wengi! Wanalipa mwezi kwa mwezi?" Na akaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama mafungu ya samaki. Kidole kilipofika kwa Marie-Louise, Bulandina akakishika.

"Siuzi," alisema.

"Mama Immy!" dalali akalia. "Nyakasanga inakungojea! Kuna mutu mwingine anaitaka, kesho itakuwa imekwenda!"

"Iende. Siuzi. Muzee, nisamehe, umepoteza mafuta yako bure."

Tafadhali msimsifu. Hakukataa kwa wema. Alikataa kwa sababu hakuweza kusimama hata kitambo kidogo zaidi mbele ya lile baraza akiwa muuzaji. Aloysius alinung'unika, akaomba maji ya kunywa, akapewa na Wakongo, akaondoka. Dalali alipanda mbele safari hii na hakuaga. Kabla jua halijageuka Immy alikwisha kupiga simu mara mbili, na mara ya pili alilia kwa hasira. Bulandina alimsikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea, kwa kuwa mtoto naye alikuwa na haki yake: mama amekubali, mama amekataa, na nyumba ya uzeeni imekwenda.

Wapangaji walirudisha vitu vyao. Walivuka barabara na magodoro na meza na kuku mmoja, hawakuuliza kitu, na kila aliyepita mbele ya Bulandina alimwinamia kichwa. "Aksanti, mama bailleur." Hivyo ndivyo Wakongo wanavyomwita mwenye nyumba yeyote. Yeye hakuwahi kuitwa hivyo pale uani. Mtu fulani alimletea kiti. Mkeka ulikuwa umetandikwa mbele ya mlango wa Marie-Louise, lakini kiti kiliwekwa mbali nao, mahali pa heshima, na ikabidi akae.

Alikaa mpaka akashindwa. Mbusa alikuwa peke yake kwenye kona ya uwanja, anarudisha kamba ya nguo kwenye nguzo yake. Bulandina akamwendea. Safari hii alianza kwa Kikonzo, na alianza mwanzo kabisa. Alimuuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, na kazi, na mkono wake, aliouona umechubuka. Mbusa alijibu yote, moja moja, bila haraka, kama inavyotakiwa. Halafu salamu zikaisha na hapakuwa na kingine cha kujificha nyuma yake.

"Yale niliyosema kwenye simu," alisema Bulandina, "ulikuwa uongo. Nilimdanganya yule dalali. Kulikuwa na wanawake wa mjini wananisikiliza, nikataka kuonekana mkubwa. Chai yenu naijua. Nyinyi si wachafu. Mungu ananiona, nilimdanganya yule Mbusa mwingine."

Mbusa alikaza fundo. Alipojibu aliacha Kikonzo, akatumia Kiswahili chake cha Butembo, kile anachotumia na wateja.

"Nimesikia, mama. Lakini mutu anasema ukweli wakati anazani anasema na mwenzake. Pale ulizani unasema na mwenzako." Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kuelewa, na ndilo lililokuwa baya. "Mbusa beko babili. Mumoja ulimuambia hunywi chai yetu. Mumoja ulikunywa kwake kila siku ukicheka, na huku unatafuta mununuzi, haukumuambia. Sasa nisaidie, mama. Kwa hawa babili, ni nani ulikuwa unadanganya?"

Bulandina alifungua kinywa. Alitaka kusema "yule wa Kasese," na ulikuwa ukweli. Lakini aliona kwamba jibu lile halikutosha, kwamba kila jioni kwenye ule mkeka, tangu ile "aa", alikuwa amekaa na uongo wa pili magotini, na huo aliuleta mwenyewe, hakuna simu iliyokosea.

Mbusa akamnyooshea ncha ya pili ya kamba, kwa kuwa ilihitaji mtu wa kuishika. Bulandina akaishika, ikakazwa, na wanawake wakaanza kuanika nguo.